Nchi Nne za Mjomba

Harufu ya dagaa wakavu ikichanganyika na dizeli, mimi hasira hunipanda. Juzi nilikuwa sokoni Kihonda, hapa Morogoro, mtoto mgongoni, natafuta nyanya, nikapita kando ya lori lililokuwa linashusha viroba vya dagaa kutoka Zambia. Ikanipiga puani. Nikajikuta nimetukana kwa sauti, tusi zima, mbele ya watu. Muuza nyanya akaniuliza, "Wewe, nani kakukanyaga?" Nikamjibu, "Marehemu." Akanipimia nyanya zangu bila kuniangalia tena.

Marehemu ni Mjomba Alfonsi, kaka yake mama, tumbo moja. Kazikwa kule juu mlimani kabla ya masika, na mimi sijamlilia. Ndugu wananisema. Wanasema nimesoma hadi kidato cha nne ndiyo maana moyo umekuwa mkavu, kana kwamba moyo hukaushwa na hesabu za logi. Wao waseme. Mimi nawaeleza ninyi mliokua wakati mmoja nami, miaka ile ya ruksa, mlioona sabuni za rangi zikirudi madukani na mitumba ikimwagwa chini kwenye turubai, watu wakigombania suruali ya Mzungu kama wanagombania nyama. Ninyi mnajua jinsi kila mtu alivyoambiwa dunia imefunguka. Hakuna aliyetuambia itafungukia upande gani.

Sisi ni Waluguru wa mlimani, huko ambako shamba limesimama kama ukuta, na ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Nikifumba macho nasikia harufu ya ukungu, ya kabichi iliyokatwa alfajiri, ya moshi wa kuni mbichi uliokwama kwenye migomba. Shamba letu lilishuka kwa matuta ya ngazi hadi kwenye kijito, na maji tuliyaongoza kwa mfereji ambao asubuhi na mapema ulikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole vya miguu. Lilikuwa la Bibi, mama yake mama. Kabla yake lilikuwa la mama yake. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Shamba linapita kwa mama. Msemaji na mlinzi wa shamba ni mjomba. Baba yangu, fundi seremala, mtu mpole, alikuja kuishi kwetu, akajenga kwetu. Mazungumzo ya shamba yakianza alichukua randa yake akaenda nyuma ya nyumba. Halikuwa jambo la kumdharau, kwani kwao yeye naye alikuwa mjomba wa watu na sauti yake ilisikika.

Mjomba Alfonsi alikuwa na wanawe, Deo na wadogo zake, ila hao walikuwa wa ukoo wa mama yao, na mashamba yao yalikuwa ng'ambo ya pili ya mlima. Warithi wake tulikuwa sisi, watoto wa dada yake. Jambo hilo hakuna aliyenifundisha. Nilikua nalo kama nilivyokua na meno.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa. Kwanza aliendesha lori la shirika, shirika likafa, akapata lori la tajiri mmoja wa mjini lililobeba mizigo ya bandarini kwenda nchi jirani. Lori aliliacha chini, Msamvu, akapanda mlima kwa miguu, koti begani. Tulimwona toka mbali kwenye kijinjia, tukamkimbilia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, wapwa zangu. Mama yenu yupo? Maji ya miguu yapo?"

Maji ya moto yalikuwa yameshatengwa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akatumbukiza miguu kwenye beseni, koti lake lile lenye harufu ya dagaa na dizeli akalitupa mapajani mwangu nilishike, nami nikalishika kama nimeshikishwa joho la askofu. Ndipo akaanza.

Jamani, yule mtu alijua kusimulia. Alisema Rwanda watu wakisalimiana wanatakiana ng'ombe, yaani badala ya habari za asubuhi unaombewa kundi zima. Alisema Zaire mji mkuu wao uko ukingoni mwa mto, na ng'ambo ya mto huo huo kuna mji mkuu wa nchi nyingine, hivyo marais wawili wanaweza kuonana wakianika nguo. Zaire hiyo hiyo, alisema, imeingiza kidole ndani ya Zambia, kidole kirefu cha ardhi, karibu iikate vipande viwili, na dereva mwenye haraka anakatiza juu ya kidole hicho, anatoka Zambia, anaingia Zaire, anatoka Zaire, anaingia Zambia, na chai yake kwenye chupa bado ya moto. Alisema katikati ya maji ya Msumbiji kuna kisiwa ambacho ni cha Malawi, na juu yake wamejenga kanisa kubwa kuliko la misheni yetu mara sijui ngapi. Alisema kuna mfalme magharibi ya Zambia ambaye mafuriko yakija anahama na jumba lake zima, kwa mtumbwi mkubwa wenye sanamu ya tembo juu, ngoma zinapigwa, na tembo anapepea masikio.

"Masikio ya mti?" nikauliza.

"Ya mti. Yanapepea. Mimi nimeona, sikuhadithiwa."

Lililonishika zaidi lilikuwa la Tunduma. Alisema pale mpaka ni kama kutoka hapa mlangoni hadi banda la kuku. Ukivuka kwenda Zambia, saa inarudi nyuma. Huku saa sita mchana, kule ndiyo kwanza saa tano.

"Sasa Mjomba, mtu akivuka kila siku si atarudi kuwa mtoto?"

Alicheka hadi maji ya beseni yakamwagika. "Kwani unadhani mimi kwa nini sizeeki?"

Niliamini. Wakati huo Bibi alikuwa anakohoa, kikohozi cha ndani kinachomkunja mtu kama jamvi, na mimi nikawa nimeshaamua: nikikua kidogo nitampeleka Tunduma, nimvushe na kumvusha hadi arudi kwenye siku ambazo kifua chake kilikuwa hakijaanza. Sikufikiria kwamba kila ukivuka kurudi, saa inakudai chake. Nilimweleza Bibi mpango huo tukiwa tunapalilia njegere. Akasema vizuri, mjukuu wangu, ila tuvune kwanza.

Shuleni ramani ya ukutani ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia Songea kushuka chini. Malawi hakuna, Msumbiji hakuna, Zambia imebaki sikio. Mwalimu akifika huko aligonga ukuta mtupu kwa fimbo na kusema, "Na huku kuna nchi nyingine." Nikadhani huko kweli kuna mchwa, na kwamba Mjomba ni shujaa kwa kupita katikati yao na lori. Kwa hiyo nchi zote nilizozijua zilitoka mdomoni mwake. Sikuwa na mahali pengine pa kuzipata.

Bibi alikufa mwishoni mwa msimu wa njegere. Ndipo pikapu za wafanyabiashara zilipoanza kupanda mlima. Zamani mboga zetu zilishuka kwa vichwa vya wanawake. Sasa watu wa Dar walizifuata wenyewe, wanataka kabichi, karoti, stroberi za watalii, na wanauliza kila shamba lenye maji ni la nani. Letu lilikuwa na maji mwaka mzima. Mtoto hakuona kitu ila vumbi la pikapu na peremende za madereva. Watu wazima waliona.

Mjomba akaanza kuja mara kwa mara. Akaniita mimi peke yangu, kwenye ngazi, na masomo yakabadilika mkondo taratibu, kama mfereji unavyogeuzwa kwa bonge moja la udongo.

"Rwanda wanakusalimia wakikutakia nini?"

"Ng'ombe."

"Safi. Na baba akifa, ng'ombe anachukua nani?"

"Sijui, Mjomba."

"Mwanawe wa kiume. Sema."

"Mwanawe wa kiume."

"Kenya, kuna mlima wenye theluji karibu kabisa na mstari wa ikweta. Na mashamba yaliyo chini ya mlima huo, baba akifa?"

"Mwanawe wa kiume."

Uganda, mwanawe wa kiume. Burundi, mwanawe wa kiume. Nikipatia nilipewa biskuti za kutoka nje, zenye krimu katikati, na mnakumbuka wenyewe biskuti hizo zilikuwa nini kwa mtoto wa wakati ule. Nilizitenganisha, nikalamba krimu, nikasahau dunia. Siku moja mwenyewe nikauliza, "Na Zambia, Mjomba?" Akajikuna kisigino ndani ya maji. "Zambia? Si nilikwambia kuna mfalme mwenye tembo?" Nikasema ndiyo. "Basi tusirudie."

Mkutano wa ukoo ulikuwa Jumapili baada ya misa. Mjomba aliniambia nivae gauni la komunyo. "Leo wazee wataona akili yako." Nilidhani ni zawadi. Nilidhani kabisa kwamba wazee wote wale, waliokaa kwenye magogo na mikeka uani kwetu, wanaume na pombe yao, wanawake na togwa yao upande wa jikoni, wamepanda vilima kuja kunisikiliza mimi nilivyo hodari wa nchi jirani. Babu Kolumba, mdogo wake Bibi na mkubwa wa ukoo mzima, alikuwa amepakata redio mpya. Mjomba ndiye aliyemletea. Aliizima kwa heshima ya mkutano, ila mkono haukuitoka.

Mjomba akapindua kinu, akaninyanyua, akanisimamisha juu yake.

"Wazee wangu, dunia imefunguka. Mimi nimeiona kwa macho, sikuisikia redioni. Ninyi mnasema mrithi wa shamba ni mtoto wa dada. Haya, mtoto wa dada mwenyewe huyu hapa, awaambie. Kenya, baba akifa shamba la nani?"

"La mwanawe wa kiume," nikasema kwa sauti ya shuleni.

"Uganda?"

"La mwanawe wa kiume."

"Rwanda? Burundi?"

Nikajibu zote. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Hata Rwanda? Si wale waliokuwa na wafalme?"

"Na wafalme wao nao walirithiwa na watoto wao," alisema Mjomba. "Ni ninyi tu. Waluguru peke yenu. Huko ninakopita, ukiwaambia watu kwamba kwetu mwanaume analinda shamba la dada yake, halafu wanawe mwenyewe hawapati hata tuta, wanauliza, sasa wanaume wa kwenu wana kazi gani?"

Wanaume wakacheka kile kicheko cha mtu aliyevuliwa kofia mbele ya watu. Ndipo mama alipozungumza. Mama hakuwa msemaji. Alikuwa amekaa na wanawake, ungo wa njegere mapajani.

"Kaka, na Zambia je? Si ndiko unakolala kuliko unavyolala kwako?"

Wanawake wakaguna. Mjomba hakupepesa macho.

"Dada, Zambia wanakula viwavi. Unataka tuwaige wala viwavi?"

Ua mzima ukacheka.

"Na Malawi?"

"Malawi? Hata jina la ziwa hatujakubaliana nao, tutakubaliana habari za mashamba?"

Wakacheka zaidi. "Na Msumbiji?" mama akasema, sauti imeshuka.

"Msumbiji kuna vita, mama wewe. Nani anauliza habari za mashamba vitani?"

Nami nilicheka, juu ya kinu, maana utani ule niliujua wote na niliona fahari kuwahi kuuelewa kabla ya wazee. Mama akainamia ungo wake, mabega yanatikisika. Nilidhani analia kwa furaha kwamba binti yake kazungumza mbele ya ukoo na hakukosea hata nchi moja. Nilimpungia mkono.

Sijilaumu, na asitokee mtu wa kuniambia nijilaumu. Mtoto akifundishwa wimbo, maneno si yake. Pale uani walikuwepo watu wenye ndevu na wenye mvi, waliozikwa kitovu katika mila ile, wakakubali kuambiwa na mtoto wa gauni la komunyo kwamba wao ni kichekesho cha dunia. Hakuna hata mmoja aliyesema, subirini, tuulizie. Kilichowamaliza ni aibu. Mtu akishaona aibu kwa chake, huhitaji kumnyang'anya, anakupa mwenyewe na kukushukuru. Babu Kolumba akasema, "Kama ndivyo dunia ilivyo, basi." Basi. Neno hilo moja ndilo lililokula shamba la bibi zangu wote.

Wiki iliyofuata Deo alikuja na vigingi na panga. Hakuwa mtu mbaya, Deo. Alikuwa kijana aliyepewa kitu. Alimwamkia mama, "Shikamoo shangazi," kisha akachomeka kigingi katikati ya karoti zake. Tuliachiwa sehemu ya juu kabisa, yenye mawe, ambako maji ya mfereji hayafiki hata ukiyabembeleza. Baba alijaribu kuzungumza, akaambiwa yeye ni mgeni kwetu, mila haimruhusu. Mila hiyo hiyo waliyokuwa wameizika Jumapili, kwa baba ilifufuka Jumatatu.

Mnataka kujua mama alifanya nini? Alianza kununua kabichi kwa Deo. Kabichi za matuta aliyoyachimba yeye na mama yake, alizipakia kwenye tenga, akashuka nazo mjini kichwani kuziuza mitaani. Siku nyingine jembe la mtu mwingine linakatisha mzizi wa mparachichi alioupanda yeye, na yeye amesimama pembeni anachagua kichwa kisicho na funza. Mwishowe akachoka kupanda na kushuka, tukahamia chumba kimoja Kihonda. Baba akafuata na randa yake. Nikasoma sekondari kwa tenga hilo la kabichi, nikaishia kidato cha nne kwa sababu tenga lina mwisho wake. Huko sekondari walinifundisha shaba ya Zambia na tumbaku ya Malawi. Kwenye mtihani nilipata zote. Nani anamrithi nani, hakuna aliyetufundisha, nami sikuuliza. Nilidhani najua.

Hadi Mjomba alipokufa.

Nilipanda mlima na mama na mwanangu mchanga. Matangani akawepo dada mmoja ambaye wengi hatukumfahamu, mrefu, kajifunga kitenge, uso ni wa Mjomba mtupu hadi kifundo cha pua. Anaitwa Chanda. Baba yake ni Mjomba, mama yake ni Mbemba wa Mpika, huko Zambia. Kiswahili kakipata kwa kufanya biashara Tunduma, anakizungumza kwa kukata kata. Mke wa Mjomba alikataa kumtazama. Mimi nikamkaribisha jikoni, tukakaa tunamenya magimbi, kwa sababu mtu aliyesafiri namna ile kuja kuzika anahitaji mahali pa kuweka mikono.

Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama baba yake kawaachia chochote kule.

"Baba?" akashangaa. "Kwetu baba anaacha nini? Shamba ni la bibi, mzaa mama. Sisi ni ukoo wa mama."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Ukoo wa mama?"

"Ee. Mwanaume akioa anakuja kulima kwa mama mkwe kwanza. Baba alilima kwa bibi. Akija na lori, analala, asubuhi anapewa jembe. Bibi alimpenda, alisema huyu Mtanzania anajua tuta."

Magimbi yakanitulia mkononi. Yule mwanaume aliyeuliza wanaume wa kwetu wana kazi gani, alikuwa anaamka asubuhi Mpika na kushika jembe la mama mkwe wake.

"Siku moja," Chanda akaendelea, "alitaka kuwachukua wadogo zangu wa kiume, awalete huku walelewe pamoja na Deo. Mjomba wetu, kaka yake mama, akamkatalia. Akamwambia, hawa si wako, wewe umetuzalia tu. Tulidhani atagomba. Hakugomba. Alisema, najua, shemeji, hata kwetu ni hivi hivi."

"Alisema hivyo?"

"Mbele yangu. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo."

Chanda kanizidi umri. Meno yake ya mbele yalipong'oka, mimi nilikuwa sijaota hata moja. Kwa hiyo alijua. Alijua kabla ya kunipa biskuti ya kwanza.

Nikamuuliza Malawi. Akasema Wachewa hivyo hivyo, na wengi wa kusini kwao. Nikamuuliza Msumbiji. Akasema Wamakua na Wayao wa kaskazini hivyo hivyo, anafanya nao biashara, anawajua. Zaire, siku hizi Kongo, ni kubwa mno, huko kuna kila aina. "Tuko wengi, dada," akasema. "Kwani hamkuwa mnajua?"

Nikaweka kisu chini. Nusu ya majirani zetu, upande mzima ule ulioliwa na mchwa, wanaishi kama sisi. Mtu ukisimama mlimani kwetu ukitazama kusini, una ndugu wa mila hadi upotee. Yeye alipita katikati yao kwa miaka, akala kwao, akazaa kwao, akalima kwao, akarudi kutuambia tuko peke yetu. Nchi nne alizozitaja hakudanganya hata moja. Ndiyo maana nina hasira hadi leo. Mwongo wa kawaida unaweza kumshika. Huyu alisema kweli nusu, nusu nyingine akaichekesha.

Siku ya kuanua matanga wazee walitandika mkeka uani, na juu yake bakuli la unga. Kwetu mtu mkubwa wa ukoo akifa, jina lake halizikwi, lazima lichukuliwe na mtu wa damu ya dada yake, akalishwe mkekani, apakwe unga utosini, aitwe kwa jina hilo. Mama alizaa wasichana watupu. Kwa hiyo macho ya wote yakanijia mimi, au tuseme yalimjia mwanangu wa kiume aliyekuwa ananyonya.

Babu Kolumba, mzee sana sasa, akasema, "Mlete mtoto, mama. Mjomba wako apate pa kukaa."

Sikuinuka. "Babu, marehemu ana watoto wa kiume. Deo huyo hapo."

Deo akajibu kwa upole, "Dada, hii ni mila."

"Mila ipi? Ya Kenya au ya Rwanda?"

Watu wakakohoa. Deo akasema, "Usilete ubishi matangani."

"Siulizi kwa ubishi. Mlisema mrithi ni mtoto wa baba. Amerithi shamba, na arithi na jina."

Babu Kolumba akapandwa na hasira za uzee. "Haiwezekani, msichana. Deo si wa ukoo wetu. Deo ni wa ukoo wa mama yake. Utampakaje unga mtu wa ukoo mwingine?"

Hata wanawake wa jikoni waliacha kukoroga. Mzee mwenyewe alisikia alichokisema, nikaona kinamrudia usoni taratibu.

"Basi, Babu," nikasema, "mtu wa ukoo mwingine anafanya nini kwenye shamba letu?"

Deo akatazama chini. Babu akamgeukia mama, akaomba, "Mwambie mwanao."

Mama akasema, "Mlimsimamisha ninyi wenyewe kwenye kinu aseme, mkampigia makofi. Mimi sikuombwa kitu siku ile. Na leo msiniombe." Akachukua kanga yake, akanisaidia kumfunga mtoto mgongoni, na tukateremka mlima na Chanda, tukimsindikiza kwenye basi lake.

Tangu siku hiyo mkeka, naambiwa, umekunjwa na kuwekwa, bakuli la unga limefunikwa. Wazee wanamsumbua Deo, wanasema marehemu anazurura. Deo kashatuma ujumbe kwamba tunaweza kupewa matuta ya juu yanayofikiwa na mfereji. Nikamjibu nataka kuanzia kijitoni, lote, hadi kigingi cha mwisho king'oke. Juzi akatuma gunia la kabichi. Mama alilifungua, akaziangalia moja moja kama anazikagua sokoni, akasema zimenenepa, maji ya kule bado mazuri. Kisha akalifunga kwa kamba ile ile na kumwambia aliyelileta alirudishe.

Mwanangu anaitwa kwa jina nililompa mimi. La Mjomba liko kwao, wakae nalo.